Kufikiwa na dawa

Dawa nyingi za kemo huua seli zinazogawanyika haraka, za saratani na zisizo za saratani. Mgonjwa huyavumilia madhara ya dawa hizo kwa kuwa anatafuta kupona. Muuguzi anayemtundikia dripu hatafuti chochote katika dawa hizo. Mwaka 1979 watafiti wa Finland waliripoti katika jarida la Lancet kwamba mkojo wa wauguzi walioshughulikia dawa hizo ulikuwa na dalili za kemikali zinazoweza kubadili chembe za urithi. Nao hawakutibiwa kwa dawa hizo.

Hali hiyo ya kuingiwa na dawa bila kutibiwa kwayo tuiiteje? Nyaraka za usalama huandika “mfiduo”, neno ambalo msomaji wa kawaida hulipita bila kuona kitu. “Kuathirika” linawahi mno, kwani dawa huweza kumwingia mtu na madhara yasionekane kwa miaka. “Kugusa” nalo halitoshi: sindano ikichomolewa kwenye kichupa chenye shinikizo, dawa huruka kama ukungu usioonekana, ikavutwa puani.

Mimi nasema “kufikiwa na dawa kazini”. Ukisikia mtu kafikiwa, utauliza kafikiwa vipi, na swali hilo ndilo la maana. Kwa ngozi? Kwa pumzi? Kwa vidole vilivyofuta meza kisha vikashika chakula? Glavu mbili, gauni lisilopenyeza na kabati maalumu la kuchanganyia dawa vipo ili kuziba njia hizo. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri amlinde mfanyakazi, na hapo mfagiaji wa wodi ana haki sawa na mfamasia.

Lakini neno “kazini” lina mpaka wake. Mgonjwa wa kijiji cha Majoreni akitibiwa Mombasa, huvuka feri ya Likoni, akapita Ukunda na Msambweni hadi nyumbani, na dawa bado inatoka mwilini. Kwa kawaida tahadhari huhitajika kwa saa 48 hivi, na kwa baadhi ya dawa zaidi, kwa sababu mkojo, kinyesi na matapishi huwa nayo. Anayefua shuka za mgonjwa ni mama au dada yake, kwa mikono mitupu, labda ana mimba. Hana mwajiri wala sheria ya kazi. Kwake tuseme “kufikiwa na dawa” tu, na wodi inayomruhusu mgonjwa impe mfuaji huyo glavu, imwambie shuka zifuliwe kando na nguo nyingine, na mwenye mimba asizishike.