Kodi Isiyopigiwa Kura

Watu wa Kyela hawajawahi kuulizwa juu ya kodi. Mwaka 1897 serikali ya Wajerumani ilitoa amri ya kodi ya nyumba. Kaskazini mwa Ziwa Nyasa amri hiyo ilisimamiwa kutoka kituo cha Langenburg, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa mazao au kwa nguvu zake. Waingereza walipoichukua nchi, kodi ilibaki. Miaka ya 1930 vijana wa Kinyakyusa walikwenda Lupa, kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya, na fedha ya kodi ilikuwa mojawapo ya sababu za safari hiyo.

Siku hizi kodi haiji na askari. Imo ndani ya sigara moja inayouzwa dukani Ipinda au Matema. Ushuru wa sigara hutozwa kwa shilingi kadhaa kwa kila sigara elfu moja. Kiwango hutegemea kama sigara ina kichungi, na kama angalau asilimia 75 ya tumbaku yake imelimwa nchini. Waziri wa Fedha hutangaza kiwango hicho Dodoma mwezi Juni, Bunge hupitisha Sheria ya Fedha, na Julai mosi kazi inaanza.

Kwingine wananchi wenyewe ndio huamua. Katika jimbo la California, Marekani, kodi ya sigara imepigiwa kura zaidi ya mara moja, na sheria hulazimisha michango ya kampeni itangazwe. Mwaka 1988 pendekezo lilikuwa kuongeza senti 25 kwa pakiti. Kampuni za tumbaku zilitumia zaidi ya dola milioni 20 kulipinga, zikashindwa. Mwaka 2012 pendekezo likawa dola 1. Zilitumia zaidi ya dola milioni 40, na safari hii zikashinda kwa tofauti isiyofika asilimia 1 ya kura. Matangazo yao hayakusema sigara ni salama. Yalisema fedha za kodi zitapotelea kwenye urasimu. Mwaka 2016 pendekezo lilikuwa dola 2. Kampuni zikamwaga takriban dola milioni 70, lakini asilimia 64 ya wapigakura wakaikubali kodi.

Waliounga mkono kodi nao walikuwa na maslahi yao. Hospitali na vyama vya madaktari vilichangia mamilioni mwaka 2016, na sehemu kubwa ya mapato ya kodi hiyo ilipangwa kwenda kwenye bima ya afya ya serikali inayowalipa wao. Mpigakura aliweza kuliona hilo pia, kwa sababu majina na viwango viliandikwa.

Kwetu, mjadala wa fedha za kampeni umepita njia nyingine. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima. Mashirika ya haki za binadamu yakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Zote hizi zinamtazama mgombea na chama chake: nani kagawa khanga, nani kanunua soda. Mfanyabiashara anayetaka ushuru usipande hahitaji kugawa khanga Kyela. Anachohitaji ni kusikilizwa na watu wachache kabla ya Juni.

Si kwamba kila anayesikilizwa ametoa hongo. Lakini ugumu wa kujua ni tatizo lenyewe. Mwaka 2015 BBC iliripoti madai kwamba British American Tobacco iliwalipa maofisa wa Burundi, Komoro na Rwanda ili kudhoofisha udhibiti wa tumbaku. Kampuni ilikanusha. Uingereza ilifungua uchunguzi mwaka 2017, ikaufunga Januari 2021 ikisema ushahidi hautoshi kumshtaki mtu. California ilihitaji daftari la michango tu. Huku ilihitajika miaka mitatu na zaidi ya upelelezi, na bado hatukupata jibu.

Kyela ina sababu yake ya kutaka kujua. Hoja kubwa ya kampuni za sigara popote duniani ni magendo: ukipandisha kodi, sigara zitavushwa mpakani. Mpaka huo kwetu ni Mto Songwe, na ng'ambo yake ni Malawi, nchi ambayo tumbaku imekuwa tegemeo lake la fedha za kigeni. Huenda hoja hiyo ina ukweli. Mwenye duka wa Kasumulu, anayeona kinachovuka kila siku, angeweza kuithibitisha au kuipinga. Mpaka wake unatajwa katika hoja, yeye hayumo.

Kupigia kura kila kodi ni gharama kubwa, na 2012 inaonyesha kwamba fedha inaweza kushinda hata pale inapoonekana. Lakini kuchapisha orodha ya waliokwenda Wizara ya Fedha kabla ya bajeti, na walichoomba juu ya ushuru wa sigara, hakuhitaji sanduku la kura. Mvutaji wa Kyela analipa ushuru huo kila siku, shilingi kwa shilingi. Anastahili walau kujua nani alikuwa mezani ulipopangwa.