Mchezo Katika Mlango wa Lugha ya Kigeni

Watu wengi wauonapo mchezo mfupi wa maneno katika kioo cha simu, ambao humwonyesha mchezaji picha ya mkate au ya farasi na kumtaka achague jina lake katika lugha asiyoijua, hudhani kuwa huo ni uzushi wa zama hizi za mtandao, uliobuniwa kwa ajili ya vijana wasiostahimili kazi ya kitabu. Dhana hiyo haina haki. Tangu walimu walipoanza kuwafundisha watoto lugha ambayo haikusemwa nyumbani kwao, walikuwapo baadhi yao waliotambua kwamba shida ya mwanzo si uzito wa akili bali ni uchovu wa moyo. Maana maneno mia ya kwanza na kanuni kumi za kwanza hazina ladha, hazimwezeshi mtu kusoma habari ya kumfurahisha wala kuzungumza jambo la maana, na juu ya hayo haziingii kichwani mpaka zirudiwe mara nyingi mno. Kurudia kwa kulazimishwa ni kama kupiga makasia na nanga ingali chini. Kwa hiyo walimu hao walitafuta hila njema ya kumfanya mwanafunzi arudie kwa hiari yake mwenyewe, na tarehe ya jitihada hiyo ni ndefu na yenye heshima kuliko inavyosimuliwa.

Quintilian, mwalimu wa ufasaha aliyezaliwa Hispania na kufundisha Rumi katika karne ya kwanza, aliandika katika kitabu chake kwamba mtoto wa Kirumi aanze masomo yake kwa Kiyunani, lugha ya kigeni, kwa kuwa Kilatini atakipata tu kwa watu wanaomzunguka. Katika kitabu hicho hicho alisifu desturi ya kuwapa watoto wadogo herufi zilizochongwa kwa pembe za ndovu wazichezee, akataka elimu ya awali iwe mchezo wenye maswali, sifa, mashindano na tuzo, ili mtoto asije akaichukia elimu kabla hajafikia umri wa kuipenda. Karne tatu baadaye, mwaka 403, mwanazuoni wa Kikristo Jerome alimwandikia mama mmoja aitwaye Laeta waraka juu ya malezi ya binti yake, akakariri nasaha hiyo ya herufi za kuchezea.

Katika nchi za Kiislamu dawa ya uchovu ilikuwa nadhamu. Ibn Malik, mzaliwa wa Andalusia aliyefariki Dameski mwaka 1274, alizifunga kanuni za nahau ya Kiarabu katika beti zipatazo elfu, ziitwazo Alfiya, na katika karne hiyo hiyo Abu Nasr Farahi aliwatungia watoto wa Kiajemi msamiati wa Kiarabu kwa mashairi, neno na maana yake zikifuatana katika mizani moja. Wanazuoni wa pwani yetu nao wamepitia njia hiyo ya kuhifadhi matini za nahau kwa moyo, Ajurumia kwanza na Alfiya baadaye, wala hapana mtu aliyesoma chuoni asiyekumbuka jinsi hijai ilivyoimbwa kwa sauti moja, mkubwa akiongoza na wadogo wakiitikia, hata mtoto akajikuta amekwisha kuijua kabla hajafahamu kuwa alikuwa akifundishwa. Wimbo si mchezo kwa maana kamili, kwa sababu hauna mshindi wala mshindwa. Lakini ulitenda kazi ile ile ya kuyafanya marudio yavumilike.

Mchezo wa kwanza wa sarufi kwa maana kamili ninaoufahamu mimi ulitokea katika mji mdogo wa Saint-Dié, katika milima ya Vosges, ambayo leo imo ndani ya Ufaransa. Hapo, mwanzoni mwa karne ya 16, palikuwa na kundi la wanazuoni waliokuwa na mtambo wao wa kupiga chapa, na mwaka 1507 walitoa kitabu na ramani ya dunia iliyolitia jina la Amerika katika midomo ya watu. Ulimwengu unawakumbuka kwa ramani hiyo tu. Lakini mmoja wao, Matthias Ringmann, mshairi na mwalimu wa Kilatini, alitoa mwaka 1509 kitabu kingine, Grammatica figurata, na kwa maoni yangu kitabu hicho kinastahili kukumbukwa na kila mtu anayefundisha lugha. Aliitwaa sarufi kavu ya Donatus, ambayo wanafunzi wa Ulaya walikuwa wameilia machozi kwa zaidi ya miaka elfu, akazigeuza aina zote nane za maneno kuwa watu wenye sura, mavazi na vyeo, ili wachezwe kama karata. Jina akalifanya kasisi, na kiwakilishi msaidizi wake. Kitenzi akakivika taji la ufalme, na kielezi kikawa malkia wake. Kiunganishi kikawa mnyweshaji wa karamu. Na kihisishi, ambacho hulia ah! na oh! pasipo kuulizwa, kikawa mpumbavu wa baraza. Vitu vilivyochorwa pamoja na kila mmoja wao vilikuwa alama za kanuni zake, hata mwanafunzi akiikumbuka picha akumbuke na hukumu ya sarufi.

Tazama hekima iliyomo humo. Ringmann hakuutia mchezo pembeni ya somo kama mapumziko ya baada ya kazi. Aliitia kanuni yenyewe ndani ya umbo la mchezo, hata isiwezekane kucheza bila kuitumia. Alifariki mwaka 1511, hajatimiza miaka 30, na fani yake haikupata mrithi aliyeiendeleza kwa ukamilifu. Katika miaka hiyo hiyo Thomas Murner, mtawa wa Kifransisko kutoka Alsace, alikuwa akifundisha mantiki kwa karata katika mji wa Kraków, na husimuliwa kuwa wanafunzi wake walifahamu upesi mno hata akatuhumiwa kutumia uchawi, ikambidi awaeleze wakubwa wa chuo siri ya ufundi wake.

Aliyeitengeneza njia hii ikawa barabara ni Jan Amos Comenius, mzaliwa wa Moravia mwaka 1592, askofu wa kanisa dogo lililofukuzwa kwao katika vita vya miaka thelathini. Huyu alikuwa mtu wa misiba. Mwaka 1656 mji wa Leszno, alikokuwa amekimbilia, uliteketezwa, na moto ukala maandiko yake, pamoja na kamusi ya Kicheki aliyokuwa akiishughulikia kwa zaidi ya miaka 40. Lakini hakuna aliyefikiri sana kuliko yeye juu ya furaha ya mtoto mbele ya neno geni. Kitabu chake cha kwanza kilichomletea sifa, Janua linguarum reserata cha mwaka 1631, kiliyapanga maneno ya Kilatini yapatayo 8,000 katika sentensi 1,000, kila moja ikisema jambo la kweli juu ya dunia. Kikafasiriwa katika lugha nyingi, na hata hivyo mwenyewe hakuridhika, akiona kuwa bado kilikuwa kizito kwa wanaoanza.

Mwaka 1650 aliitwa Sárospatak, huko Hungaria, aiongoze shule. Akakuta wanafunzi waliozubaa. Akakitwaa kile kitabu cha sentensi, akakigeuza kuwa michezo minane ya kuigiza, aliyoiita Schola ludus, ambamo vijana walipanda jukwaani wakisema kwa Kilatini majina ya mawe, mimea, wanyama, viungo vya mwili na kazi za mafundi, mmoja akiuliza na mwingine akijibu mbele ya wazazi na wakubwa wa mji. Watu wa kanisa la mji ule hawakuwa na mapenzi na maigizo shuleni, lakini vijana waliokuwa wakiona haya kufungua kinywa walipata ujasiri kwa kuwa waliokuwa wakisema si wao, bali ni watu wa mchezo. Hapo ndipo Comenius alipoligusa jambo ambalo wengi hawalitaji: mwanafunzi wa lugha ya kigeni huogopa aibu kuliko anavyoogopa ugumu, na mchezo humpa ruhusa ya kukosea.

Huko huko Sárospatak aliandaa Orbis sensualium pictus, kitabu cha picha ambacho, kwa kukosa mchonga picha stadi nchini mle, hakikutoka mpaka mwaka 1658 katika mji wa Nuremberg. Kina mafunzo 150. Kila picha ina tarakimu ndogo juu ya kila kitu, na tarakimu hizo zinajirudia katika maandishi ya Kilatini na Kijerumani yaliyokaa bega kwa bega, hata jicho la mtoto likawa linasafiri kati ya kitu na neno. Mwaka uliofuata Charles Hoole alikitia Kiingereza huko London. Yeyote aliyewahi kuigusa picha ya tofaa katika simu na kusikia jina lake kwa lugha ngeni, amekaa darasani mwa mzee huyo.

Karne mbili zilizofuata siziandikii mengi, kwa kuwa shule zilirudia desturi ya kukariri na kuadhibu. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba usahaulifu huenda kasi mwanzoni kisha ukapungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku hushinda marudio yaliyolundikwa pamoja. Mwaka 1972 Sebastian Leitner aliigeuza elimu hiyo kuwa sanduku la kadi lenye vyumba: neno lililojulikana husogea mbele na kurudi baada ya siku nyingi, na lililokosewa hurudi nyuma likaulizwa upesi.

Kompyuta iliingia katika kazi hii mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, mwaka 1960, Donald Bitzer na wenzake walianzisha mfumo wa kufundishia ulioitwa PLATO, na kufikia mwaka 1972 ulikuwa na vioo bapa vyenye nuru ya rangi ya chungwa, vilivyoitikia mguso wa kidole na kuweza kuchora picha na herufi za lugha mbalimbali. Kilatini, Kifaransa na Kirusi vilifundishwa humo, na michezo ilijaa. Mwaka huo huo Richard Atkinson wa Stanford alieleza jaribio la maneno ya Kijerumani, ambalo ndani yake wanafunzi waliochaguliwa maneno na kompyuta, kwa kufuata hesabu ya ugumu wa kila neno, walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko wale waliojichagulia wenyewe.

Mtandao ulipowafikia watu wa kawaida, wenye kutunga michezo hiyo walikuwa aghalabu ni walimu. Programu ya Hot Potatoes, iliyotoka Chuo Kikuu cha Victoria nchini Kanada mwaka 1998, ilimwezesha mwalimu asiyejua ufundi wa kompyuta kutunga mafumbo ya maneno, mazoezi ya kuoanisha na ya kujaza mapengo. Na wengine walitumia programu ya Flash, iliyotokea mwaka 1996, kutengeneza michezo ya dakika mbili tatu yenye sauti na picha. Mwaka 2005 kijana wa sekondari huko California, Andrew Sutherland, alijitengenezea Quizlet ili ahifadhi msamiati wa Kifaransa. Na mwaka 2012 Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala, na Severin Hacker walifungulia watu wote programu ya Duolingo ya kujifunzia lugha, ambayo mwaka 2017 iliongeza Kiswahili kwa wanaojua Kiingereza. Kisha, mwisho wa mwaka 2020, Flash ikasitishwa, na michezo mingi sana ya walimu ikawa haifunguki tena katika vivinjari vya kawaida. Maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive ilianza mwaka huo kuiokoa baadhi yake. Nasikitika kwa iliyopotea, kwani ilitungwa na watu waliowajua wanafunzi wao kwa sura.

Michezo ya leo hufundisha maneno vizuri. Sarufi hufundishwa kwa uhafifu, kwa kuwa mchezaji mjanja hukisia jibu kwa kuondoa yasiyofaa, asijue sababu. Wala kuhesabiwa siku alizocheza mfululizo si ushahidi wa alichojifunza. Ila ulegevu huo hautokani na mchezo wenyewe, na sisi wenye Kiswahili tuna hazina inayongoja fundi wa kufanana na Ringmann. Mgeni anayejifunza lugha yetu hukwama katika ngeli, akasema kitabu yangu na miti mkubwa kwa miezi mingi. Ngeli ni mchezo uliokwisha kupangwa: kila jina lina jamaa zake, na kila jamaa ina alama inayovikwa sifa, kiwakilishi na kitenzi. Karata zake zichorwe M na Wa wakiwa ukoo mmoja, Ki na Vi ukoo mwingine, na mchezaji asiruhusiwe kuweka karata ya sifa wala ya kitenzi mpaka aivike alama ya ukoo wa jina lililotangulia. Kazi hiyo yaweza kuanza leo kwa kadi za karatasi na kalamu, katika darasa lolote la wageni Unguja au Mombasa, kabla ya fundi wa kompyuta kuitwa.