Namba Tasa Isiyokuwa Tasa: Historia ya 147,573,952,589,676,412,927

Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne, aliyeandikiana barua na wanazuoni wengi wa Ulaya, alichapisha orodha ya vipeo ambavyo, mbili ikipandishwa kwavyo kisha ikatolewa moja, hupatikana namba tasa, yaani namba kubwa kuliko moja ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe. Orodha hiyo ilikuwa na kipeo cha 67, ambacho huzaa namba yenye tarakimu 21, na kwa zaidi ya karne mbili dai hilo lilisimama kwa heshima ya aliyelitoa, kwa kuwa hapakuwa na njia nyepesi ya kulithibitisha wala kulikanusha.

Mwaka 1876 Édouard Lucas, naye Mfaransa, alitumia kipimo alichokibuni mwenyewe, ambacho hubainisha kama namba ya aina hiyo ni tasa pasipo kutafuta vigawo vyake, akaonyesha kwamba Mersenne alikosea. Hali iliyofuata ni ya ajabu kwa asiyezoea hisabati, kwani ilijulikana kwa yakini kwamba namba hiyo ni zao la namba ndogo kuliko yenyewe, lakini hakuna aliyeweza kutaja hata moja.

Vigawo hivyo vilitajwa tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani mjini New York, na Frank Nelson Cole, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia: 193,707,721 na 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba Cole alikokotoa ubaoni pasipo kutamka neno, akarudi kitini huku akishangiliwa, na kwamba kazi hiyo ilimla Jumapili za miaka mitatu. Lakini msimulizi, E. T. Bell, aliandika miongo kadhaa baadaye, na alijulikana kwa kupenda kukoleza visa vyake. Lililo hakika zaidi ni makala ya Cole yenyewe, ambayo inaeleza njia aliyoifuata. Ilikwisha kujulikana kwamba kila kigawo tasa cha namba hiyo, kikitolewa moja, lazima kigawanyike kwa 134, sharti ambalo peke yake lingemwachia mtafutaji namba zaidi ya milioni moja za kujaribu kabla ya kukifikia kigawo kidogo. Cole alizipunguza kwa kuchunguza mabaki yanayopatikana namba za mraba zinapogawanywa, akazitupa zile zisizoweza kufaa.

Kipeo kingine ambacho Mersenne alikiorodhesha kimakosa ni 257, kinachozaa namba yenye tarakimu 78. Kosa hilo lilithibitishwa katika miaka ya 1920, ila vigawo vya namba hiyo havikupatikana mpaka zama za kompyuta.