Upanga wa Sinema na Sime ya Embu: Suala la Uhalisi

Mkusanyaji wa silaha za kale anayefika Manyatta, kaskazini ya mji wa Embu, pale mashamba ya kahawa yanapoipisha michai kuelekea msitu wa Mlima Kenya, aghalabu huwa na panga mbili akilini. Wa kwanza ni upanga wa ninja, ulionyooka na kubebwa mgongoni. Wa pili ni sime, wenye makali pande mbili na ala ya ngozi nyekundu. Ule wa kwanza huushuku. Huu wa pili huuamini papo hapo. Makala haya yanadai kwamba shaka hiyo yastahili kuelekezwa kwa zote mbili, ijapokuwa kwa sababu zinazotofautiana.

Habari ya upanga wa ninja ni fupi. Wapelelezi wa Japani walioitwa shinobi walikuwapo kweli, na eneo la Iga lilisifika kwa ujuzi wao, hasa katika karne ya 15 na ya 16. Hata hivyo, hakuna upanga wa umbo hilo uliothibitishwa kuwa wa kabla ya karne ya 20. Uliokuja kwanza ni mchezo wa kuigiza: Shinobi no Mono ya mwaka 1962 huko Japani, kisha wimbi la Kimarekani lililoanza na Enter the Ninja mwaka 1981. Viwanda vikafuata, vikiuza kile ambacho watazamaji walikwisha kukiona, na vibanda vya video vya miji ya Kenya vikaisambaza sura hiyo. Kwa hiyo anayehifadhi upanga wa ninja wa miaka ya 1980 ana kifaa halisi cha historia: historia ya sinema. Uwongo huanza pale anapouita wa karne ya 16.

Sime ina njia nyingine kabisa. Hapa kifaa kilitangulia, sura ikafuata. G. St. J. Orde Browne, aliyekuwa mtawala wa kikoloni katika sehemu hizo, aliandika mwaka 1925 juu ya Waembu, Wachuka, Wambeere na jirani zao katika kitabu alichokiita The Vanishing Tribes of Kenya. Jina hilo lilikosea, maana watu hao hawakutoweka. Kilichokuwa kikififia ni baadhi ya kazi za mikono, na mojawapo ni uyeyushaji wa chuma. Kwa upande wa Wagikuyu, jamii iliyo karibu mno na Waembu kwa lugha na desturi, W. S. Routledge na mkewe walikwisha kueleza mwaka 1910 jinsi mchanga wenye chuma ulivyooshwa, ukayeyushwa kwa makaa huku viriba vya ngozi vikipuliza, kisha bonge lililopatikana likafuliwa tena na tena. Mhunzi aliheshimiwa, na laana yake iliogopwa.

Waingereza waliivamia Embu mwaka 1906, na biashara ikaja na chuma kilicho tayari. Kwa nini mhunzi ahangaike na mchanga wa mtoni ilhali kipande cha chuma kilichoagizwa chaweza kununuliwa? Baadaye zikatumiwa tupa zilizochakaa na springi za magari. Wako wakusanyaji wanaoona kwamba sime iliyofuliwa kwa springi ya lori si halisi. Rai hiyo haina uzito. Inamtaka mhunzi wa Embu asimame mwaka 1906 asisogee, jambo ambalo halitakiwi kwa mhunzi wa Sheffield. Nyundo, moto na mkono ni vilevile. Kilichobadilika ni mahali chuma kilipotoka.

Ugumu mkubwa zaidi uliletwa na sinema na siasa. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Waembu na Wameru waliwekwa pamoja na Wagikuyu katika kundi moja la washukiwa. Filamu kama Simba ya mwaka 1955 na Something of Value ya mwaka 1957 zilimfundisha mtazamaji wa ng'ambo kuuona wembamba wa makali gizani kuwa ndiyo Mau Mau yenyewe. Halikuonyeshwa kwa uzito uleule jambo moja la wazi: walinzi waliowekwa na serikali kuwapinga wapiganaji walibeba mikuki na sime zizo hizo. Fasihi ilijibu. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1976 na kutokea kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi mwaka 1978, ilimrudishia mpiganaji hoja na sauti. Sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa Nairobi tarehe 18 Februari 2007 inashika bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili.

Katika maduka ya vinyago sime imepata jina jingine: upanga wa Kimasai. Ni kweli kwamba Wamasai waliubeba na kuusifu. Hata jina Manyatta lina asili ya Kimaa. Lakini miongoni mwao uhunzi ulikuwa kazi ya ilkunono, watu waliotengwa, na silaha nyingine zilitoka kwa wahunzi wa jamii jirani. Mtalii hununua ala nyekundu kwa sababu aliiona picha yake. Mfuaji wa vinyago huipaka wekundu zaidi kwa kuwa anamjua mtalii. Hapo sime imeanza kufanana na upanga wa ninja: inatengenezwa kwa kuifuata picha.

Anayetaka kutofautisha hana budi kuichomoa alani. Bapa la sime iliyofuliwa huwa na mabonde madogo ya nyundo. Ile iliyokatwa kwenye bati huwa tambarare na nyepesi mkononi. Mpini ulioshikwa miaka mingi hung'aa mahali pa vidole, si pote. Zaidi ya yote, yafaa aulize jina la mhunzi na la mwenye sime kabla ya kulipa, ayaandike siku hiyohiyo. Sime nyingi za wazee zimekwisha kuondoka vijijini bila majina hayo, na huko ziliko zimetundikwa juu ya kadi yenye maneno mawili tu.