Kapo ya motokari: kila ndoano iko na historia yake

Wandugu, leo tuache kidogo historia ya wafalme na vita. Tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakigusa bila kukifikiria: kufuli ya kapo.

Mwaka jana kapo ya motokari ya nyumbani ilikataa kufunguka. Fundi mmoja alikuja, akaifungua kwa nguvu, kisha akakata ile ndoano ndogo ya mbele akisema haina kazi, ni yenyewe inasumbua. Tukalipa, tukashukuru. Wiki mbili kisha, barabarani, kapo ikaruka ikafunika kioo cha mbele. Baba ndiye alikuwa anaendesha. Aliona njia kupitia mwanya mdogo uliobaki chini ya kapo, mpaka akafaulu kusimama. Siku ile nikajiuliza: ndoano ile iliwekwa juu ya nini?

Motokari za kwanza hazikuwa nayo. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 mpaka 1927, ilikuwa na kapo inayokunjwa pande mbili, kushoto na kuume, ikishikwa na vibanio vya inje. Motokari za mashindano zilifungwa hata na mikanda ya ngozi. Mtu yeyote angeweza kufungua. Na ilifaa hivyo, maana mota za wakati ule zilidai kuangaliwa kila mara.

Katika miaka ya 1930 umbo likabadilika. Kapo ikawa bati moja pana, bawaba zake nyuma karibu na kioo, mdomo wake unafunguka mbele kama wa mamba. Fundi akapata nafasi nzuri ya kuinama juu ya mota. Lakini shida mpya ikazaliwa: kama kufuli inaachia wakati motokari inakimbia, upepo unaingia chini ya bati na kuligeuza mpaka kwenye kioo. Wengine waliikwepa kwa kuweka bawaba mbele, kama Jaguar E-Type ya 1961, ili upepo wenyewe uikandamize kapo. Wengi walibaki na mdomo wa mamba, wakaongeza ndoano ya pili.

Mwishowe sheria ikaingia. Tangu Januari 1969, kanuni namba 113 ya usalama wa magari Marekani inadai kwamba kapo inayofunguka mbele na inayoweza kumziba dereva macho iwe na kishikio cha pili. Basi ile ndoano “isiyo na kazi” ni jibu la ajali za watu waliotutangulia.

Na mkono wa kuvuta ulio ndani, chini ya usukani? Huo unajibu shida nyingine: wezi. Kapo ikifungukia inje, bateri inaenda usiku. Kwa hiyo wakapitisha waya ya chuma toka ndani mpaka kwenye kufuli. Usalama ukaongezeka, lakini waya ikawa kitu kimoja zaidi cha kushika kutu na kukatika.

Ukijua historia hii, unajua pia pa kutafutia ubovu. Kama mkono wa ndani ni mgumu, kufuli ndiyo imekwama kwa vumbi na kutu: mwenzako avute mkono na kuushikilia, wewe ukandamize kapo kwa viganja, pale juu ya kufuli, kisha uachie. Mara nyingi inafunguka. Kama mkono ni mlegevu, waya imekatika ao imechomoka: tafuta ncha yake karibu na mkono, uishike kwa koleo, uvute polepole. Usipige nyundo.

Ikishafunguka, usifunge mbio. Safisha kufuli, tia mafuta, angalia kama resori inarudi. Kama unabadilisha waya, funga uzi mrefu kwenye ncha ya waya ya zamani kabla ya kuichomoa. Uzi utabaki ndani na kuvuta waya mpya katika njia ileile. Kama unaondoa kufuli yenyewe, chora alama kuzunguka bolti, juu ikirudi upande kidogo tu haitashika vizuri. Kisha jaribu kapo ikiwa wazi bado: sukuma ulimi wa kufuli kwa turnevisi mpaka ujifunge, vuta mkono wa ndani, uone kama unaachia. Ukikosea hapa unarekebisha kwa dakika moja. Ukikosea kapo ikiwa imefungwa, unaanza upya.

Ndoano ya pili ikiwa imepinda, inyoshe ao uibadilishe. Waya ya kufungia si ndoano.

Sisi wenye diploma tunapenda kumuuliza fundi bei tu. Tumuulize pia: hiki unachoondoa, kiliwekwa juu ya nini? Na kesho asubuhi, mbele ya safari, mufungue kapo ya motokari ya nyumbani muangalie kama ndoano ya pili ingali pale.