Vipindi vya Zamani Vinapokatwa: Nani Atawaeleza Watoto?



Familia nyingi za hapa Kabingo, za Mbarara mjini na za makazi ya wakimbizi ya Nakivale zinazo katuni za Tom na Jerry nyumbani, ama kwenye simu ya baba, ama kwenye flashi iliyojazwa dukani. Tunazipenda kwa sababu hazina maneno mengi. Mtoto wa Kikongo, wa Kisomali, wa Kirundi na wa Kinyankole wanakaa mkeka mmoja na wote wanacheka kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, ni wachache wanaojua kwamba katuni hizo ni za tangu mwaka 1940, na kwamba kwa muda wote huo zimekatwa, zikabadilishwa sauti, na nyingine zikafichwa, kwa sababu yaliyochekesha watu wa zamani yalikuja kuonekana baadaye kuwa ni matusi. Katika makala hii tumependa kueleza historia hiyo kwa ufupi, kisha tuangalie inatuhusu nini sisi wazazi na wanafunzi.

MTUMISHI ALIYEONEKANA MIGUU TU

William Hanna na Joseph Barbera walitengeneza katuni 114 za Tom na Jerry kwa ajili ya kampuni ya MGM ya Marekani kati ya mwaka 1940 na 1958. Zilikuwa za kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema, mbele ya watu wazima na watoto, na zilipata tuzo 7 za Oscar.

Katika kadhaa kati ya hizo yumo mwanamke mweusi mnene anayemfokea paka. Kwa kawaida uso wake hauonekani. Tunaona ndara zake, soksi na aproni, na tunasikia Kiingereza kilichovunjwavunjwa makusudi ili watu wacheke. Wamarekani walimwita Mammy Two Shoes. Sauti yake aliitoa mwigizaji mweusi, Lillian Randolph, katika zama ambazo mwigizaji mweusi wa Marekani alipewa mara nyingi kazi ya kuigiza mtumishi. Weusi wa Marekani walilalamikia picha za namna hiyo, na mwaka 1952 mhusika huyo akaonekana kwa mara ya mwisho katika katuni mpya.

Lakini zile za zamani zilikuwa bado zipo. Mwaka 1965 televisheni ya CBS ilipoanza kuzionyesha kwa watoto, mchoraji Chuck Jones na wenzake walipewa kazi ya kuzisafisha. Walifanya nini? Katika nyingi walimfuta mwanamke mweusi na kuchora mwanamke mweupe mwembamba mahali pake, mwenye lafudhi ya Kiayalandi. Dhihaka iliondoka, na mtu mweusi naye akaondoka nayo.

Miaka ya 1990 kampuni ya Turner, iliyokuwa imezinunua, ilichagua njia nyingine. Ilimwacha mwanamke yule kama alivyochorwa, ikamwajiri mwigizaji mweusi Thea Vidale arudie maneno yake kwa Kiingereza cha kawaida. Miaka ya 2000 zikauzwa kwenye diski zenye utangulizi wa Whoopi Goldberg, akieleza kwamba baadhi ya michoro ni ya kibaguzi, na kwamba imeachwa ili watu wasijifanye kuwa haya hayakutokea. Mwaka 2013, kinyume chake, kampuni iliyokuwa ikimiliki katuni hizo wakati huo ilitaka kutoa mkusanyiko ukiwa umeondolewa katuni mbili, ile ya 1948 iitwayo Mouse Cleaning na ile ya 1951 iitwayo Casanova Cat. Wapenzi wa katuni walilalamika, na mkusanyiko huo haukutoka.

Kwa hiyo tunaona njia nne: kumfuta mtu, kubadilisha maneno yake, kuacha na kueleza, na kuficha kabisa.

Siyo ubaguzi peke yake uliosababisha kukatwa. Mwaka 2006 huko Uingereza mtazamaji alilalamika kwa Ofcom, chombo kinachosimamia utangazaji, kuhusu katuni mbili za Tom na Jerry zinazoonyesha uvutaji. Katika moja Tom anasokota sigara ili amvutie paka jike. Turner ilikubali kupitia katuni za zamani zaidi ya 1,500 na kukata sehemu zinazoufanya uvutaji uonekane ni jambo la kupendeza. Zilipotengenezwa, sigara ilikuwa ni kitu cha kawaida. Miaka 50 na zaidi baadaye haikuwa kawaida tena mbele ya watoto.

TULIPODHIHAKIWA SISI

Wapo wanaosema kwamba mambo haya ni ya Wazungu na historia yao. Ndugu zetu, tusiwe wepesi wa kusema hivyo, kwani na sisi tumo.

Filamu ya Disney iitwayo Aladdin ilitoka mwaka 1992. Wimbo wake wa kwanza ulieleza nchi ya Waarabu kuwa ni mahali ambapo mtu hukatwa sikio kwa sababu tu sura yake haikupendwa. Jumuiya ya Wamarekani wenye asili ya Kiarabu inayopinga ubaguzi ilipeleka malalamiko. Mwaka 1993, filamu ilipotolewa kwenye kanda za video, maneno hayo yalibadilishwa na kuwa maneno ya joto na ukubwa wa jangwa. Neno linaloita nchi hiyo ya kishenzi lilibaki palepale. Liliondolewa katika filamu mpya ya 2019, yaani miaka 27 baada ya ile ya kwanza.

Mfano wa pili wazazi wengi wa Afrika Mashariki wanaukumbuka. Ni kipindi cha Kiingereza cha Mind Your Language, kilichoanza mwaka 1977, kuhusu darasa la jioni la wageni wanaojifunza Kiingereza mjini London. Humo yumo Ali Nadeem, Mwislamu wa Pakistan, ambaye kila akifungua mdomo anakosea, na yumo Singasinga ambaye hawaachi kugombana. Vichekesho vyake vingi ni hivyo: mgeni hajui lugha, basi tumcheke. Mwaka 1979 Michael Grade, aliyekuwa akiongoza vipindi katika kituo cha LWT, alikisimamisha kwa kuona kwamba kinawadhalilisha watu.

Lakini angalieni jambo hili. Kilisimamishwa kwao, kikaendelea kuuzwa nje, na Kenya ni moja ya nchi zilizokionyesha. Waliodhihakiwa ndio waliobaki nacho, wakacheka nacho miaka mingi, na hakuna aliyewaambia kwa nini wenyewe walikiacha.

Kwa Nakivale jambo hili si dogo. Makazi haya yana watu wa mataifa mengi, na watoto wao husoma kwa Kiingereza katika shule za Uganda, lugha ambayo wengi hawakuja nayo. Mtoto aliyezoea kucheka makosa ya Ali Nadeem kwenye televisheni ataona ni halali kumcheka mwenzake darasani, na anayechekwa ataona ni heri anyamaze kuliko kujaribu.

HAPA KWETU

Serikali za Afrika Mashariki nazo zimezuia vipindi. Juni 2017 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, ikiongozwa na Ezekiel Mutua, ilitangaza kupiga marufuku katuni sita, ikisema zinatukuza ushoga na zinapingana na maadili ya jamii. Moja kati ya hizo, Hey Arnold!, ilianza mwaka 1996 na ilikuwa imemalizika tangu 2004.

Hapa Uganda, Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013 inataka vipindi visipingane na maadili ya umma, na visichochee utamaduni wa fujo wala chuki za kikabila, hasa kwa watoto na vijana. Ni sharti zuri. Lakini linawafunga wenye vituo vya utangazaji. Flashi ya dukani, memori kadi na video za intaneti haziombi ruhusa ya mtu. Ndiyo maana katika flashi moja mtoto anaweza kukuta nakala ya 1948 yenye dhihaka yote, ya 1965 yenye mwanamke mweupe, na ya miaka ya 1990 yenye sauti mpya, zote zimechanganywa na hakuna hata moja yenye maelezo. Waliokata walikata kwa ajili ya watazamaji wao, na utangulizi wa Whoopi Goldberg ulibaki kwenye diski ambazo wengi wetu hatukuziona.

KUKATA AU KUELEZA?

Maoni yetu ni kwamba mtoto mdogo anastahili kukingwa. Mtoto wa miaka minne haelewi utangulizi. Anachokiona ni mlipuko, kisha paka anageuka mweusi tii mwenye midomo mikubwa, na kila mtu anacheka. Kwa umri huo, kukata ni sawa.

Kwa mkubwa, kuficha kabisa kuna hasara. Asiyejua kwamba maneno ya Aladdin yalibadilishwa hajui kwamba Waislamu na Waarabu walitukanwa, wala hajui kwamba watu walisimama wakasema na wakasikilizwa. Kosa likifutwa bila maelezo, na jitihada za waliolipinga zinafutika pamoja nalo.

Wanazuoni wetu walikutana na tatizo linalofanana na hili zamani. Hadithi za kutungwa zilipoenea, Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 597 Hijria (1201), alizikusanya katika kitabu kiitwacho al-Mawdu'at na kubainisha uongo wake, ili watu wazijue na wajihadhari nazo. Hakuona kwamba inatosha kuzinyamazia.

Hivyo basi, tunazishauri familia mambo manne:

1. Mzazi au kaka na dada wakubwa waiangalie flashi kabla ya kuwapa wadogo, na wafute yasiyofaa kwa umri wao.

2. Mtoto aliyefika umri wa kuelewa akikutana na dhihaka, tusizime tu na kufoka. Tumuulize: "Hapa anachekwa nani, na kwa nini?"

3. Wanafunzi wa sekondari wajifunze mwaka na asili ya kipindi wanachokitazama, kama wanavyoulizwa mwaka wa kitabu darasani.

4. Wenye vibanda vya video na maduka ya kujaza flashi ni jirani zetu. Tuzungumze nao kwa upole watenge vya watoto na vya wakubwa.

Maneno ya Aladdin yalibadilika kwa sababu walioumizwa walisema, na walisema kwa hoja. Watoto wetu wa Nakivale na Mbarara nao wataandika na kutengeneza vipindi kesho, inshaAllah, na ni vyema wajue tangu sasa jinsi mtu anavyoumia akigeuzwa kichekesho.

Wabillahi tawfiq.