Langilangi ya uswahilini

Wadau, kuna watu wananiudhi. Ukijipaka pafyumu ya kupima ya Kariakoo, ile tamu yenye harufu laini ya maua, wanakwambia unanukia "uswahilini". Haya, hiyo harufu ya uswahilini imetoka wapi?

Kabla ya chupa kulikuwa na kikuba. Bibi zetu wa pwani walifunga pamoja asumini, mrehani, kilua na langilangi, wakakibandika kifuani. Maua yapo uani, gharama hakuna. Ubaya wake, asubuhi yameshanyauka.

Sasa hiyo langilangi. Asili ya mti wenyewe ni kusini-mashariki mwa Asia. Wafaransa wakaupanda kwa wingi Komoro, majirani zetu kabisa, maua yakachemshwa kwa mvuke na mafuta yakasafirishwa Ufaransa. Mwaka 1921 Ernest Beaux alipomtengenezea Coco Chanel ile No. 5, ndani mlikuwa na langilangi na asumini (ya aina nyingine, lakini ndugu wa hii yetu). Maua ya kikuba hayo! Paris hakuna aliyesema yananukia uswahilini.

Leo Kariakoo muuzaji anavuta mafuta kwa sindano, anakujazia kichupa, unaondoka. Mengi ni ya maabara, ua halijagusa humo. Mimi sioni tatizo: ndiyo yanayomwezesha dada wa kwenye daladala kunukia hata Jumatatu, sio siku ya harusi tu.

Kikuba nacho hakijafa. Nenda Unguja kwenye shughuli, utakikuta.